Kabla ya Kununua Mbegu: Namna ya Kuchagua Mboga za Bustani ya Nyumbani Mvua Ndefu Zinapokaribia

Kila mwaka, Februari inapoelekea ukingoni, maduka ya pembejeo ya Nakuru, Kisumu, Kakamega na Luanda ya Vihiga hujaa watu wanaotafuta mbegu za mboga, na wengi wao huchagua kwa kutazama picha iliyochapishwa kwenye pakiti. Picha hiyo huonyesha mmea ulivyo unapostawi, lakini haielezi chochote kuhusu ploti ambamo mbegu itapandwa. Karoti inayonyooka vizuri Njoro inaweza kung'olewa Nyamasaria, karibu na Kisumu, ikiwa fupi, imegawanyika ncha mbili na ina ladha kali, ilhali mrenda unaomea wenyewe nyuma ya nyumba Kisumu hudumaa Molo hata ukitiwa samadi ya kutosha. Anayetaka bustani itakayomlisha hana budi kuanza na maswali kuhusu mahali anapoishi, na jina la mboga lije mwisho, baada ya maswali hayo kujibiwa.

Sehemu ya mkanganyiko hutokana na ushauri wenyewe. Maelezo mengi ya bustani yanayosomwa mtandaoni yaliandikiwa nchi kama Uingereza na Marekani, ambako mwaka una majira manne na mkulima hungoja baridi kali iishe ndipo apande. Huko, mahali pamoja hupitia baridi, joto la wastani na joto jingi kwa zamu, kwa hiyo swali kuu ni mwezi wa kupanda. Kwetu Kenya, karibu na Ikweta, joto la mahali fulani halibadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba. Kinacholibadilisha ni mwinuko wa nchi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu anayeondoka Kisumu, iliyo karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, akapanda hadi Molo, iliyo karibu mita 2,500, kisha akateremka Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, amepita kwa siku moja katika tofauti za joto ambazo mkulima wa Uingereza huzisubiri kwa miezi. Mwinuko hapa unafanya kazi ambayo majira hufanya kwingineko, na nadhani asiyelielewa jambo hili ataendelea kupoteza mbegu hata akiwa na bidii kiasi gani.

Ukilielewa, kalenda hizo za kigeni zinaanza kuwa na maana nyingine. Mboga ambazo Mwingereza huzipanda mapema, hewa ingali baridi, ndizo zinazofaa nyanda zetu za juu: njegere, karoti, letusi, koliflawa, kabichi na viazi mbatata. Zile anazozichelewesha hadi joto litulie ndizo za ukanda wa ziwa: bamia, biringanya, kunde, maboga na tikiti maji. Kisumu joto la mchana kwa kawaida hufika nyuzi 29 au 30, na usiku hushuka hadi karibu 17 au 18. Nakuru mchana huwa karibu 25, lakini usiku unaweza kufika 11 au 12, na ubaridi huo wa usiku ndio unaowezesha viazi mbatata kutunga vizuri, kwa sababu mmea wa kiazi hupeleka chakula chini ya ardhi pale usiku unapopoa. Mkazi wa Kisumu anayependa viazi atafaidika zaidi na viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa ambavyo huupa mwili vitamini A, na hatakuwa akianza jambo geni, kwa kuwa Kabondo katika Kaunti jirani ya Homa Bay imejulikana kwa zao hilo tangu zamani. Huko Molo na Mau Narok kuna tahadhari ya ziada: usiku wa kiangazi usio na mawingu, kati ya Desemba na Februari, huweza kuleta jalidi inayounguza maharagwe, viazi na maboga kwa mara moja, na ndiyo sababu mazao hayo laini huachiwa msimu wa mvua.

Kati ya ncha hizo mbili kuna maeneo mengi ya katikati, kama Kakamega, yenye mita 1,535 hivi, na Kisii, yenye karibu mita 1,700, ambayo hukubali karibu kila mboga ya majani. Hata ndani ya Kaunti ya Kisumu pekee hali hubadilika: ukipanda kutoka ufukweni hadi Maseno umeongeza zaidi ya mita 300, na hewa imepoa kwa nyuzi 2 hivi, kiasi kwamba kabichi inayosita kufunga Nyalenda, mtaa wa Kisumu karibu na ziwa, hufunga vizuri zaidi Maseno. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni mboga gani hustawi Kisumu au Magharibi. Ulizia mwinuko wa kijiji chako, jambo ambalo siku hizi simu ya mkononi inaweza kukuonyesha.

Baada ya joto, kuna mwanga, na hapa pana mtego usioonekana kwa urahisi. Ikweta hupita Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, na katika eneo letu lote mchana huwa na saa 12 na dakika chache mwaka mzima, Juni na Desemba bila tofauti ya kuhisiwa. London mchana wa Juni hupita saa 16. Kitunguu ni mmea unaopima urefu wa mchana kabla ya kuanza kutunga tunguu lake: aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi, na hapa mchana huo hauji kamwe. Mtu aliyeletewa pakiti ya mbegu na jamaa aliye ng'ambo anaweza kumwagilia na kupalilia kwa miezi mitano, kisha akavuna majani na shingo nene tu, akadhani udongo wake umechoka. Aina za mchana mfupi, kama vile Red Creole, Bombay Red na Texas Grano, ndizo zinazotunga hapa kwetu.

Kitunguu kina sharti la pili, nalo ni hali kavu wakati wa kukomaa na kuanikwa, kwani kikinyeshewa shingo yake haikauki na kuoza huanzia hapo. Miche iliyohamishwa mwishoni mwa Machi huwa tayari mwishoni mwa Juni au Julai. Karibu na ziwa huo ni wakati mkavu kiasi, lakini Nakuru mvua mara nyingi huongezeka tena Julai na Agosti, na kitunguu kilichokomaa kitakuta ardhi imelowa. Mkazi wa Nakuru afadhali asie mbegu kitaluni Julai au Agosti, ahamishe miche Septemba au Oktoba, ili avune jua la Januari likiwaka. Huu ni mfano mzuri wa mboga ambayo wengi huipanda mvua ndefu zinapoanza kwa sababu tu kila mtu anapanda kitu wakati huo.

Mwanga unahusu pia nyumba na ukuta. Kuanzia takriban tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba, jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya msimu wa mvua ndefu, tuta lililo kusini mwa ukuta ndilo linalotiwa kivuli. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1.3 saa sita za mchana mwezi Juni, ambacho si kirefu, lakini tuta jembamba lililobanwa ukutani linaweza kukaa ndani yake kutwa nzima huku lile la upande wa kaskazini likipata jua lote. Desemba mambo hugeuka. Katika ploti nyingi za mjini, ambako nafasi ya kulima ni ukanda wa mita moja au mbili kando ya nyumba, tofauti hii peke yake huamua kama nyanya zitazaa au zitarefuka bila matunda. Isitoshe, Kisumu na Kakamega asubuhi huwa wazi, mawingu hujikusanya alasiri na mvua hunyesha kuelekea jioni; kwa hiyo jua la kutegemewa ni la asubuhi, na tuta lisilozibwa upande wa mashariki lina thamani kubwa kuliko lile linalotazama magharibi.

Mboga zinazozaa matunda, yaani nyanya, hoho, biringanya na maharagwe, zinahitaji jua la moja kwa moja kwa angalau saa 6. Spinachi, dania na nderema huvumilia kivuli cha nusu siku, na nderema, kwa kuwa hutambaa, inaweza kupandishwa kwenye ua usiotumika kwa kazi nyingine. Si sahihi hata hivyo kusema kwamba kila mboga ya majani huvumilia kivuli. Saga, ambayo vitabu huiita mgagani, pamoja na mchicha au terere, hutengeneza chakula chake kwa njia inayofanana na ya mahindi, ambayo hufanya kazi vyema zaidi kwenye jua kali na joto. Ukiziweka chini ya mparachichi zitakuwa nyembamba na kuchanua mapema.

Suala la maji ndilo linalohitaji hesabu zaidi, na ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu Machi hakuna anayefikiria ukame. Kakamega hupata karibu milimita 1,900 hadi 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi mikavu hasa ni Desemba hadi Februari. Kisumu hupata karibu milimita 1,300 hadi 1,400, zilizokusanyika zaidi Machi hadi Mei na tena kuelekea Novemba. Nakuru hupata chini kidogo ya milimita 1,000, na Gilgil ni kukavu zaidi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei kabla mvua hazijaanza, na ni vyema kuusoma kwa kuangalia hasa tarehe zinazotarajiwa za mvua kuanza na kukoma katika eneo lako.

Sasa chukua kalamu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la mboga linapoteza milimita 4 hadi 5 kwa siku yenye jua, sehemu ikipanda kutoka udongoni na sehemu ikipitia majanini. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 basi linahitaji lita 20 hadi 25 kila siku isiyo na mvua, yaani jerikeni moja au zaidi kidogo. Familia iliyolima matuta sita Aprili, mvua ikiwa inafanya kazi yote, itahitaji jerikeni sita au zaidi kila siku ifikapo Januari, na pale ambapo maji hununuliwa kwa mwenye mkokoteni, bustani hiyo imekwisha. Paa la mabati la mita 20 za mraba huteka karibu lita 200 mvua ya milimita 10 inaponyesha, na tangi linasaidia sana, lakini lita 200 ni maji ya tuta moja kwa siku 8 hadi 10.

Kutokana na hesabu hiyo, ningependekeza mtu aamue kwanza ni matuta mangapi ataweza kuyanywesha wakati wa kiangazi. Tuseme ni mawili. Hayo mawili, yaliyo karibu na jikoni au bomba, yapewe mboga zinazoishi muda mrefu: sukuma wiki, spinachi, nderema, na vitunguu vya majani. Mche wa sukuma wiki hutoa majani mawili hivi kwa wiki ukitunzwa, na miche 40 hulisha familia ya watu watano mara mbili au tatu kila wiki kwa miezi kadhaa. Matuta manne yaliyobaki yapewe mboga zinazomaliza mwendo wake pamoja na mvua: kunde, ambazo majani yake huchumwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa, saga na managu (mnavu), ambazo huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuota au kuhamishwa, dania, maharagwe na maboga. Mvua zikikoma, matuta hayo hufunikwa nyasi na kupumzishwa bila hasara.

Udongo huleta mipaka yake. Uwanda wa Kano na sehemu za chini za Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msimu wa mvua ndefu tatizo lake si ukame, ni maji yanayotuama na kunyima mizizi hewa. Si ajabu kwamba Ahero hulimwa mpunga. Hapo bustani ya nyumbani sharti iwe juu ya matuta yaliyoinuliwa sentimita 30 hivi na kuchanganywa samadi nyingi, au iwe ndani ya magunia, njia ambayo wakazi wa mitaa yenye nafasi finyu wameizoea. Karoti na vitunguu havifai kwenye udongo huo. Biringanya, bamia na mboga za kienyeji hufanya vyema mradi maji yapate njia ya kuondoka.

Nakuru ina udongo mwepesi uliotokana na majivu ya volkano, unaolimika kwa urahisi na unaofaa karoti kama Nantes na Chantenay, lakini hukauka upesi, na sehemu nyingine hupeperushwa na upepo wa Januari na Februari usipofunikwa.

Vihiga na Kakamega zina udongo mwekundu wenye kina, ambao mvua nyingi za miaka mingi zimeuosha rutuba na kuufanya uwe na asidi. Fosforasi hunaswa humo na mimea haiwezi kuifikia. Maharagwe hubaki mafupi na kabichi hukataa kufunga hata mbolea ikiongezwa. Chokaa ya kilimo hupunguza asidi, nayo huchimbwa Koru, si mbali. Majivu ya jikoni pia husaidia kwa kiasi kidogo kwenye eneo dogo. Kabla ya kununua chokaa ni heri kupima udongo, na maabara za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, hufanya kazi hiyo. Asiyeweza kupima bado anaweza kuchagua mazao yanayovumilia asidi, hasa viazi vitamu na kunde, akaacha kabichi kwa wenye udongo wake.

Yote niliyoeleza hadi sasa huondoa yasiyowezekana. Miongoni mwa yale yanayobaki, kinachoamua ni chungu cha nyumbani. Makosa mengi hutokea hapa kwa sababu watu hupanda wanachokiona sokoni kwa wingi. Aprili na Mei, mvua ikishika, sukuma wiki na kabichi hujaa katika soko la Kibuye mjini Kisumu na katika soko la Wakulima mjini Nakuru, na bei hushuka hadi mama mboga mwenyewe hulalamika. Anayepanda kabichi Machi ili azile Juni atakuwa ametumia ardhi yake kupata kitu ambacho angekipata kwa bei ya chini kabisa ya mwaka. Bustani ndogo hulipa zaidi inapotoa vitu ambavyo soko haliwezi kuvileta vikiwa vizima: saga na managu hunyauka saa chache baada ya kuchumwa, mrenda hubadilika rangi, na dania iliyolala usiku mmoja imepoteza nusu ya harufu yake. Mtu anayechuma saga jioni na kuipika jioni hiyo hiyo kwa maziwa anakula mboga ambayo pesa haiwezi kununua mjini.

Mboga hizi pia haziliwi moja moja, na bustani inapaswa kupangwa vivyo hivyo. Mrenda hupikwa na kunde, kwa kuwa utelezi wa mmoja hulainisha ugumu wa nyingine. Waluo huviita apoth na bo, na Waluhya huchanganya mrenda na likhubi, yaani majani ya kunde, kwa munyu wa kienyeji. Managu huchanganywa na saga ili uchungu usizidi, na mitoo, mboga nyingine ya kienyeji, hupenda kuandamana na mrenda. Kwa sababu hiyo mrenda na kunde vinafaa kusiwa siku zinazokaribiana na kwa kiasi kinacholingana, ili visifike chunguni kimoja kikiwa kichanga na kingine kimezeeka. Kusia tuta lote mara moja ni kujitafutia mboga nyingi za wiki mbili na upungufu baadaye. Theluthi moja kila baada ya wiki mbili huleta mchumo wa kudumu msimu mzima. Heshima ambayo mboga hizi zinapata leo, baada ya miaka mingi ya kuitwa chakula cha maskini, inadaiwa kwa kiasi kikubwa na utafiti wa Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mimi binafsi ningezipa nusu ya bustani yoyote iliyo chini ya mita 1,800.

Mahindi yanastahili neno lake kwa sababu katika nchi yetu ni vigumu kuona ardhi wazi Machi bila kuyapanda. Ekari iliyotunzwa vizuri ikitoa magunia 18 ya kilo 90, kila mita ya mraba imetoa takriban kilo 0.4. Ploti ya mita 5 kwa mita 5 basi itatoa kilo 10, ambazo ni gorogoro tano, baada ya miezi minne Kisumu au mitano na zaidi Nakuru, na wakati huo wote imetia kivuli kila kilichokuwa karibu. Katika Magharibi na Nyanza kuna pia kayongo, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Kama familia inapenda mahindi mabichi ya kuchoma, mistari miwili mifupi upande wa kusini wa bustani inatosha, kwani huko kivuli chake cha Aprili hadi Septemba hakiangukii mboga nyingine.

Nyanya ndizo zinazovunja moyo zaidi. Ukungu unaoshambulia majani, shina na matunda kwa madoa meusi hupenda ubaridi na unyevu, hali ambayo Nakuru huwa nayo Aprili na Mei kila mwaka, na unaweza kumaliza shamba zima kwa juma moja. Ndiyo sababu wakulima hupulizia dawa mara kwa mara msimu huo, na sidhani kwamba mtu anayelima kwa ajili ya watoto wake anataka kufanya hivyo hatua chache kutoka jikoni. Paa jepesi la nailoni juu ya fito, lisilozibwa kando, huzuia mvua kulowesha majani na hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa; asiye na paa afadhali ahamishe miche mvua zinapopungua. Kisumu ukungu huo si mkali sana, lakini mnyauko wa bakteria hukaa udongoni kwa miaka, mmea ukinyauka ghafla ungali wa kijani. Nyanya, hoho, biringanya, viazi mbatata na managu ni wa ukoo mmoja, na magonjwa mengi huyashiriki. Wengi hawalijui hili kuhusu managu kwa sababu huiona kuwa mboga ya kienyeji isiyoumwa. Palipooza nyanya mwaka jana, usipande managu mwaka huu. Panda kunde, sukuma wiki au mahindi.

Ukishachagua, tarehe ndizo zinazobaki. Sukuma wiki, kabichi na nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, kwa hiyo anayetaka kuhamisha miche mvua ikishika mwishoni mwa Machi anapaswa kusia mwishoni mwa Februari kwa maji ya kumwagilia, chini ya kivuli chepesi. Anayesubiri mvua ndipo asie hupoteza mwezi mzima wa maji ya bure. Katika sehemu za juu za Magharibi zipo aina za sukuma wiki zinazopandwa kwa vichipukizi vya shina, ambazo huruka hatua hiyo kabisa. Ukimwona jirani anayo, mwombe. Karoti, dania, kunde, maharagwe na saga husiwa moja kwa moja kwenye tuta, na mbegu ndogo za saga na mrenda huchanganywa na mchanga au majivu makavu ili zisianguke kwa mafungu.

Mbegu za pakiti zikaguliwe tarehe ya mwisho na lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua ubora wa mbegu, kwani mbegu za vitunguu hasa hupoteza uhai haraka zikikaa zaidi ya mwaka kwenye duka lenye joto. Mbegu za kienyeji zina tabia zake. Mbegu za saga zilizovunwa karibuni hulala kwa miezi mitatu au zaidi kabla ya kukubali kuota, hivyo zile za Januari si za kusia Machi. Tumia za msimu uliotangulia. Mbegu za mrenda zina ganda gumu, na hufungwa kwenye kitambaa na kutumbukizwa kwa sekunde chache katika maji yaliyotoka kuchemka, kisha hupozwa na kuanikwa kivulini kabla ya kusiwa. Za managu hukamuliwa kutoka kwenye matunda yaliyoiva, huoshwa hadi utelezi uishe, na kukaushwa mbali na jua kali. Acha mimea minne au mitano iliyo bora ya kila aina ikomae bila kuchumwa kuanzia Juni, ukichagua ile iliyochelewa kuchanua, kwa sababu mbegu ya mmea uliochanua mapema itakupa mboga ya kuchumwa muda mfupi zaidi mvua za Oktoba zitakapoanza.